Rufaa ya Aliyehukumiwa kwa Kuvunja Nyumba: Ushahidi, Haki na Wajibu wa Waumini

(Haya ni maneno ya muhadhara uliotolewa kwa waumini baada ya sala ya Isha. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Ndugu zangu katika imani, mada ya leo imewashangaza baadhi yenu. Nimeulizwa: msikiti na kesi za wizi wapi na wapi? Sisi tumezoea kuambiwa kwamba mwizi ni adui wa watu, na akishafungwa tumepumzika. Jibu langu ni kwamba Qur'ani Tukufu yenyewe imeizungumzia kesi ya nyumba iliyovunjwa usiku, na haikuizungumzia kwa ajili ya kumlaani mwizi peke yake. Imeizungumzia kwa ajili ya kumuokoa mtu aliyesingiziwa. Anayetaka kujua Uislamu unamtazama vipi mtu aliyehukumiwa kwa kosa hilo, na aanzie hapo.

KESI YA NYUMBA YA RIFAA

Imamu Tirmidhi amepokea, na akaieleza riwaya hiyo kuwa ni gharibu, kutoka kwa sahaba Qatada bin Nu'man, na wafasiri wengi wameitaja wanapoeleza sababu ya kushuka kwa Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Ami yake Qatada, mzee Rifaa bin Zayd, alinunua shehena ya unga mweupe uliokuja na msafara kutoka Sham. Akauweka katika chumba chake cha juu pamoja na silaha zake, deraya na upanga. Usiku chumba kile kikavunjwa, unga na silaha vikachukuliwa.

Kulipokucha watu wakaanza kupeleleza. Dalili zikaelekea kwenye nyumba ya Banu Ubayriq, ambao usiku ule walionekana wamewasha moto. Wao wakageuka na kumtaja Labid bin Sahl, mtu mwema aliyejulikana kwa Uislamu wake. Labid alipopata habari alichomoa upanga wake, akawataka wauthibitishe wizi huo au wajue la kujibu. Wakarudi nyuma na kumwambia kuwa hakuhusika. Katika riwaya nyingine iliyotajwa na wafasiri, deraya ile ilikuwa ndani ya mfuko wa unga uliotoboka, unga ukamwagika njiani, na mali ikaenda kuwekwa kwa Myahudi mmoja ili yeye ndiye akutwe nayo.

Qatada akalipeleka jambo hilo kwa Mtume (s.a.w.). Jamaa wa Banu Ubayriq nao wakajikusanya, wakamweka msemaji wao, wakalalamika kwamba watu wema wanatuhumiwa wizi bila ya ushahidi. Maneno yao yalikuwa mazuri kwa sura, na Mtume (s.a.w.) akamlaumu Qatada kwa kuituhumu nyumba yenye sifa njema pasina hoja. Qatada alirudi akitamani bora angepoteza sehemu ya mali yake kuliko kulisema jambo lile. Hapo ndipo zikateremka aya zinazomuamrisha Mtume ahukumu baina ya watu kwa aliyoonyeshwa na Mwenyezi Mungu, na asiwe mtetezi wa makhaini. Na katika aya ya 112 ukatajwa uzito wa anayechuma kosa au dhambi kisha akamtupia asiye na hatia. Silaha zikarudishwa kwa Rifaa, naye akazitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu.

Tutazame mafundisho yaliyomo. Kwanza, aliyeibiwa ana haki na haki yake haikupuuzwa. Pili, aliyesingiziwa ana haki, hata kama si mtu wa dini yetu, kama ilivyo katika riwaya ya pili. Tatu, kabila na urafiki haviwi ushahidi. Nne, na hili ndilo la leo, jambo lililoonekana limekwisha lilifunguliwa upya, na haki ikarudi mahali pake.

HUKUMU YA MWANADAMU YAWEZA KUKOSEA

Wako wanaosema kwamba kukata rufaa ni kumdharau hakimu, au ni kupingana na kadari. Haya si maneno ya wenye elimu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Salama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeye ni mwanadamu, kwamba watu huleta ugomvi mbele yake na huenda mmoja akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa anayoyasikia, basi atakayepewa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu amesema hivyo, hakimu wa wilaya ni nani hata asiweze kukosea?

Katika Suratul Anbiyaa aya ya 78 na 79 tunasimuliwa juu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) walipoamua kesi ya shamba lililoliwa usiku na kondoo wa watu. Suleiman akafahamishwa uamuzi ulio bora zaidi, na wote wawili wakasifiwa kwa hekima na elimu. Kubadilishwa kwa hukumu hakukumvunjia baba heshima. Na katika waraka unaonasibishwa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi anaagizwa asizuiwe na hukumu aliyoitoa jana kurudi kwenye haki aliyoibaini leo.

Zingatieni vilevile kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Alitiwa gerezani ilhali kanzu yake iliyochanwa kwa nyuma ilikuwa imekwisha kumtolea ushahidi. Mfalme alipomwita atoke, hakukimbilia mlango. Katika Surat Yusuf aya ya 50 tunaona kwamba alimrudisha mjumbe, akataka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi yake ichunguzwe, jina lake lisafishwe, ndipo atoke. Basi anayekata rufaa kwa haki anafuata njia aliyoipita Nabii.

JE, YAFAA KWENDA KATIKA MAHAKAMA HIZI?

Swali hili huulizwa na vijana wetu wenye ghera ya dini. Tunajibu kwamba Yusuf (a.s.) alipeleka hoja yake kwa mfalme wa Misri, naye hakuwa katika dini yake. Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, akawatetea Waislamu dhidi ya wajumbe wa Makureshi waliotaka warudishwe Makka. Na Mtume (s.a.w.) aliusifu mkataba wa Hilful Fudhul, uliofungwa Makka kabla ya utume ili kumsaidia mwenye kudhulumiwa, akaeleza kwamba lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Kuiondoa dhulma kwa njia halali iliyopo si kuiacha sheria ya Mwenyezi Mungu. Ni kuitekeleza sehemu yake.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Nitasema juu ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Kosa lenyewe limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuvunja na kuingia katika jengo linalokaliwa na watu kwa nia ya kutenda kosa adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14, na likitendwa usiku yaweza kufika miaka 20. Mara nyingi huambatanishwa na shitaka la pili la wizi. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo dogo. Kijana wa miaka 22 akihukumiwa kifungo kirefu, ameondoka na ujana wake wote.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kwa hiyo rufaa ni haki ya mtu, na wala haiombwi kwa kupiga magoti.

Lakini haki hii ina siku zake, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoangamia. Kesi ikiwa imeamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa huenda Mahakama Kuu. Aliyehukumiwa anatakiwa atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu uamuzi, kisha awasilishe rufaa yenyewe, yenye sababu zake, ndani ya siku 45. Muda uliotumika kungojea nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi katika hizo siku 45. Kesi ikiwa imeamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda kwanza Mahakama ya Wilaya, na muda wake ni siku 30. Asiyeridhika na Mahakama Kuu anaweza kwenda Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, kwa kutoa taarifa ndani ya siku 30. Huko, katika rufaa ya pili, hoja ziwe za kisheria. Ndugu zetu wa Kenya wajue kwamba kwao rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 14. Sheria hurekebishwa na vifungu hubadilishwa namba, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote mwulizeni mwanasheria.

Aliye gerezani hana haja ya kutoka ili akate rufaa. Anaruhusiwa kukabidhi taarifa yake na sababu zake kwa Mkuu wa Gereza, naye huzipeleka mahakamani. Aliyechelewa naye hajafungiwa mlango kabisa, kwani anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aoneshe sababu ya msingi, na mahakama hutaka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Kusema tu kwamba hatukujua hakutoshi.

Anaweza pia kuomba dhamana wakati rufaa ikisubiriwa, ila dhamana hiyo si ya moja kwa moja kama ilivyokuwa kabla ya hukumu, kwa sababu sasa amekwisha kutiwa hatiani.

Mahakama ya rufaa ya kwanza huupitia upya ushahidi wote. Yaweza kuitupa rufaa, kuifuta hatia na kumwachia mrufani huru, kubadilisha kosa, kupunguza adhabu, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Tangu hukumu ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, mahakama zetu zinashika kwamba kesi haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Na ijulikane pia kwamba adhabu yaweza kuongezwa. Basi rufaa isikatwe kwa mazoea. Ikatwe kwa hoja.

SABABU ZA RUFAA ZINATOKA WAPI

Wengi huandika barua ndefu za kulia: mimi ni yatima, mama yangu mgonjwa, nina watoto. Haya yanaweza kusaidia katika kupunguza adhabu, lakini hayaondoi hatia. Hatia huondolewa kwa kuonesha kwamba ushahidi haukufikia kiwango. Jukumu la kuthibitisha ni la upande wa mashtaka, bila kuacha shaka yoyote ya maana, na mshitakiwa hafungwi kwa udhaifu wa utetezi wake. Natumai mnakumbuka kanuni ya mafakihi wetu kwamba adhabu huepushwa kwa shubha. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba kiongozi kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Wanavyuoni wa hadithi wameikosoa sanadi yake, lakini mafakihi wameifanyia kazi maana yake.

Katika kesi za kuvunja nyumba yako mambo manne yanayorudi mara kwa mara.

La kwanza ni utambuzi. Uvunjaji hutokea usiku, aliyevamiwa ametoka usingizini na hofu imemjaa. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Iulizwe: shahidi alimwona mtu kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na mwanga gani, wa taa ya umeme, wa kibatari au wa mbalamwezi, na uling'aa kiasi gani? Alimjua kabla? Na katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 2002, ikasisitizwa kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili muhimu ya kuaminika kwake. Aliyekaa siku tatu pasina kumtaja jirani anayemjua, kisha akamtaja baada ya kusikia maneno ya mtaani, ushahidi wake una kasoro.

La pili ni kukutwa na mali. Watu husema: amekutwa na redio, basi yeye ndiye mwizi. Nani asiyejua kwamba kopo la mfalme lilikutwa katika mzigo wa ndugu yake Yusuf, naye hakuiba? Wale ndugu wakubwa, kama ilivyo katika aya ya 81, walimwambia baba yao kwamba wameshuhudia wanayoyajua tu, wala hawakuwa walinzi wa ghaibu. Walichokijua ni kwamba kopo limeonekana mzigoni, lakini limefikaje humo hawakujua. Mahakama zetu zinakubali kwamba mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Lakini katika shauri la Joseph Mkumbwa na mwenzake, rufaa namba 94 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani imeweka masharti: mali ikutwe kwa mtuhumiwa, ithibitishwe kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo hiyo iliyotajwa katika hati ya mashtaka. Simu na redio za aina moja ziko maelfu. Mlalamikaji alitaja alama za pekee kabla ya kuoneshwa mali, au alisema tu kwamba ni yake? Ilitolewa hati ya ukamataji mali? Kilichokamatwa kilipita mikono ya nani mpaka kufika mahakamani? Suala hili la mikono liliwekewa msisitizo katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya mwaka 2007.

La tatu ni maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa polisi na mara nyingi huitwa kukiri. Sheria imeweka muda wa kawaida wa saa nne za kumhoji mtu tangu alipokamatwa, isipokuwa muda huo umeongezwa kwa utaratibu. Na maelezo yaliyopatikana kwa kipigo si maelezo. Mshitakiwa alipoyapinga, je, hakimu alichunguza kwanza kama yalitolewa kwa hiari? Na yalipopokelewa, yalisomwa mahakamani ili mshitakiwa ajue yaliyomo? Shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake, lililochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 2003, ni msingi katika jambo hili.

La nne ni kukiri kosa mbele ya hakimu. Kijana huambiwa na mahabusu wenzake akubali ili kesi iishe haraka. Aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia, ila dhidi ya adhabu. Mlango hubaki wazi kwake iwapo kukiri kwake kulikuwa na utata, au hakulielewa shitaka, au maelezo aliyoyakubali hayafanyi kosa aliloshitakiwa. Basi waambieni watoto wenu: msikiri msilolitenda. Na mliyoyatenda msiyakane kwa kiapo cha uongo.

NA KAMA AMETENDA KWELI?

Hapa nawaomba tuwe wakweli. Si kila aliyehukumiwa amedhulumiwa. Yule mwanamke wa Bani Makhzum alipoiba, watu walimtuma Usama bin Zayd aende kumwombea. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa wao na kuwaadhibu wanyonge, na akaapa kwamba hata binti yake Fatuma angeiba asingemwacha. Haturuhusiwi kutengeneza mashahidi wa uongo wa kusema kwamba usiku ule alikuwa msikitini katika itikafu. Huko ni kuingia katika katazo la Suratun Nisaa aya ya 107, la kuwatetea wanaojihini nafsi zao.

Lakini hata aliyetenda ana haki zake. Ana haki adhabu yake isizidi ile iliyowekwa na sheria, na ana haki ya kuomba ipunguzwe akiwa mkosaji wa mara ya kwanza, au kijana mdogo, au amekwisha kukaa mahabusu muda mrefu. Huyu tumsaidie kwa ukweli, na tumkumbushe kwamba toba ya mwizi haitimii mpaka mali irudi kwa mwenyewe au mwenyewe asamehe. Tusimsahau na aliyevunjiwa. Mama aliyeamka akakuta cherehani yake imechukuliwa ndiye Rifaa wa zama zetu. Rufaa haikatwi dhidi yake. Akimfunga asiye mwizi, hakuipata cherehani, na mwizi wake bado anatembea.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Ndugu Waislamu, kazi ya harakati hii ni kurudisha watu kwenye Qur'ani na Sunna, na kesi ni mahali ambapo imani za watu hupimwa. Nitataja mambo matatu.

Kwanza, wako ambao kesi ikishaamuliwa hukimbilia kusomesha Halbadiri ili hakimu apate masaibu au mlalamikaji aumbuke. Wengine huenda kwa waganga, wakapewa hirizi za kushonewa mfungwa katika nguo. Wakati huo siku 10 zinapita, moja baada ya moja. Fedha iliyomchinjia mganga kuku wawili ingetosha kulipa nauli ya kwenda mahakamani na kurudi. Dua ni silaha ya muumini, na dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Lakini dua si Halbadiri, na kumtegemea Mwenyezi Mungu kunakwenda pamoja na kumfunga ngamia.

Pili ni rushwa. Husemwa kwa lugha laini: tumwone mheshimiwa. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Mwenye hoja asiiuze hoja yake kwa haramu, kwani akikamatwa atakuwa na kesi mbili.

Tatu ni vishoka wanaozunguka kwenye viunga vya mahakama, wakijiita mawakili. Huchukua fedha, huandika karatasi isiyo na kichwa wala miguu, kisha huzima simu. Wakili ana leseni yake, mwulizeni.

WAJIBU WA MSIKITI

Kijana wetu anapohukumiwa, sisi hufanya nini? Mara nyingi hunyamaza. Mama yake akija darsani wanawake wenzake hunong'ona, baba hubadilisha msikiti. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu awe dhalimu au mdhulumiwa, na akafafanua kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhulma. Katika hali zote mbili hakuna ruhusa ya kumtupa.

Napendekeza kwa kila msikiti mambo haya, nayo si mazito.

Siku ile ile ya hukumu, watu wawili waende na familia. Waandike tarehe ya hukumu, namba ya kesi, jina la mahakama, na wahesabu siku kwa kalenda. Wahakikishe kwamba taarifa ya kusudio imetolewa, na kwamba nakala za mwenendo wa kesi na hukumu zimeombwa kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo ibaki nyumbani.

Itafutwe huduma ya msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Viko pia vituo kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Chama cha Wanasheria Tanganyika, ambako mtu anaweza kuulizia. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye mtandao wa TanzLII, na vijana wetu waliosoma wanaweza kuzitafuta. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, lakini nyaraka nyingine bado huandikwa kwa Kiingereza, na mzee asiyeijua lugha hiyo anahitaji mtu mwaminifu wa kumsomea.

Itolewe sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa ajili ya nauli na karatasi. Na mfungwa atembelewe. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Insaan aya ya 8, amewasifu wanaolisha chakula masikini, yatima na mateka. Mtu aliye gerezani, awe amedhulumiwa au ametenda, asikose wa kumpelekea Msahafu, sabuni na neno la subira.

Mwisho, tuwe waaminifu katika chanzo cha mambo haya. Kesi nyingi mbaya huanza na ulimi. Mtu huibiwa, jirani husema ni fulani tu, hana kazi yule, na kabla ya jua kupanda umati umekwisha kukusanyika na matairi. Aliyechomwa moto hana siku 10 wala 45. Rufaa yake iko Siku ya Kiyama, na wajibu rufaa ni sisi tuliopiga kelele za mwizi. Suratul Hujuraat, aya ya 6 na ya 12, inatutaka tuhakikishe habari na tujiepushe na dhana. Suratul Israa aya ya 36 inatukataza kuyafuata tusiyoyajua, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Suratul Maida aya ya 8 inatuonya chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Ukiitwa kutoa ushahidi, sema uliloliona. Kama hukuona vizuri, sema hukuona vizuri. Huenda sentensi hiyo moja ikamtoa mtu gerezani, au ikakutoa wewe motoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafariji walioibiwa na awarudishie mali zao au kilicho bora kuliko hizo. Awaoneshe mahakimu wetu haki wanapohukumu. Awatoe walio gerezani kwa dhulma kama alivyomtoa Yusuf (a.s.), na awape toba ya kweli waliotenda. Atujaalie tuwe mashahidi wa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.